Simu Yangu Kabatini kwa Wifi

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, nirudie kwa kifupi ili twende sawa. Mimi ndiye yule Nasrin wa Makorongoni, Iringa, mama aliyeuza madera mtandaoni hadi akasahau kama ana mtoto. Nilikuwa nambembeleza mteja wa Kilolo aliyetaka dera la kijani, huku Taslim wangu anavuta birika la chai jikoni. Mkono wa mwanangu uliungua kuanzia kiwiko hadi vidole, na wifi yangu ndiye aliyesikia kilio kabla yangu.

Niliwaeleza pia presha iliyonipanda baada ya pale, usingizi ulionihama, na nesi mmoja wa Kinyakyusa aliyeniambia bila kunionea haya kwamba dawa atanipa, lakini ugonjwa wenyewe naulaza chini ya mto kila siku.

Basi nikamkabidhi simu Nusrat, dada wa mume wangu, aifungie kabatini kwake. Hapo ndipo tulipoishia. Wengi wenu mliniandikia kunipongeza. Ngojeni kwanza.

Utaratibu ulikuwa hivi. Nusrat atajibu wateja wa madera, maana tangu ndoa yake ivunjike akarudi kwao alikuwa hana shughuli ya maana. Akiona jambo zito aniambie. Mimi simu sitaigusa kabisa mpaka nesi aseme presha imekaa sawa.

Na nikawapa sharti moja, yeye na mama mkwe. Idrisa asiambiwe.

Idrisa mume wangu alikuwa Igawa kwenye ghala la mpunga, na msimu wa mavuno ulikuwa umemkamata kisawasawa. Alikuja mara moja tu, mtoto alipoungua, na wakati wa kuondoka akaniachia kauli mlangoni. Alisema mimi na simu yangu tutatenganishwa na kaburi. Nikaapa moyoni kwamba nitamwonyesha. Nilitaka siku akirudi anikute mtu mwingine, simu sina, mtoto mapajani, ashangae mpaka akose la kusema.

Kwa hiyo aliyewafunga watu midomo ni mimi. Nalisema hili mapema ili baadaye msimrukie Nusrat peke yake.

Na ilinisaidia, siwadanganyi. Siku za mwanzo mkono ulikuwa unapapasa wenyewe chini ya mto, kila nikizinduka. Nilikuwa nasikia mlio wa simu hata kwenye kelele za kuku. Kisha nikaanza kulala. Nililala usingizi ule wa utotoni, wa kuamka na alama za mkeka shavuni. Presha ikashuka. Mama mkwe akanirudisha kwenye kushona kofia, kazi niliyofundishwa na bibi yangu nikaitupa siku nilipojua kuperuzi, nikaanza kofia ya Idrisa.

Taslim naye akaanza kuja kukaa mapajani kwangu bila kuitwa. Akinisimulia habari za kuku wa jirani nazisikia mwanzo hadi mwisho, nauliza na maswali.

Idrisa alikuwa anapiga kwa mama yake. Sasa, mama mkwe masikio yake yamechoka, simu yake ya kitochi iko spika wazi muda wote, na anayempigia husikika mpaka uani kwa wapangaji. Mwanamume gani mwenye heshima zake atamwambia mkewe maneno ya ndani mbele ya mama, dada na wapangaji? Alikuwa anasalimia, anauliza mkono wa mtoto, anaaga.

Siku moja akauliza, "Nasrin, hivi simu yako nzima?"

Nikamkonyeza Nusrat, nikacheka. "Nzima kabisa. Kwani vipi?"

"Basi, sawa," akasema.

Baada ya hapo hakuniulizia tena. Na mama mkwe akaanza kupokelea simu zake nje, kwenye ngazi za barazani, eti ndani mtandao unasumbua. Nikaamini. Nilikuwa nimepona, na mtu aliyepona huwa anaamini chochote.

Nesi aliponipima mara ya mwisho akasema niko sawa. Nikaona saa ya kumshtua mume wangu imefika. Simu sikuiomba hata hapo. Nilisema nitamfuata hukohuko Igawa, kofia imekwisha, hina nitapaka, dera jipya ninalo.

Nilipomwambia mama mkwe, alikaa kwenye kigoda ghafla. Akasema baridi ya Makambako itanitoa kifua. Akasema Taslim atalia. Akasema Idrisa yuko kwenye shughuli nyingi, nisubiri kidogo. Nusrat yeye aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Mimi nikadhani ni wivu wa mwanamke aliyeachika kumwona mwenzake anamfuata mume na hina mikononi. Nakumbuka hata nilimwonea huruma.

Nikamwacha Taslim kwa bibi yake, nikapanda basi.

Ghala la Idrisa liko nyuma ya mashine ya kukoboa, upande wa pili wa barabara kuu. Nilimkuta mlangoni anasimamia vibarua wanapakia magunia. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Aliponiona, alifanya jambo ambalo tangu tuoane hajawahi kulifanya. Aliinamisha macho.

Nikampa mkono. Hakuupokea. Nikadhani anaona haya mbele ya vibarua, nikapita nielekee kwenye kile chumba chake cha ofisi. Akanitangulia akasimama mlangoni.

"Usiingie humo, Nasrin. Hatuwezi kukaa wawili."

Nilicheka. Nikamuuliza tangu lini mtu na mkewe hawakai wawili.

Yeye hakucheka. Alimwita Yudith, mama wa Kibena anayewapikia wali vibarua wa mashine, akamwomba aje akae nasi kidogo. Yudith akaja na mwiko wake mkononi, akanisalimia "Kamwene, dada," akakaa juu ya gunia, hajui aangalie wapi. Mlango ukaachwa wazi.

"Wewe si mke wangu," Idrisa akasema. "Nilikuacha. Eda imekwisha. Mbona unakuja kana kwamba hujui?"

Nilimwambia hajaniacha. Nilisema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayemrekebisha mwenzake aliyekosea jina. Mtu ataachikaje bila kujua? Ningeambiwa. Ningesikia.

Akatoa simu yake, akaifungua, akaiweka juu ya gunia kati yetu na kuisukuma upande wangu kwa ncha ya kidole, vidole vyetu visije vikagusana. Kile kidole ndicho kilichonifanya nianze kuogopa.

Nikasoma.

Juu kabisa yalikuwa maneno ya mume aliye mbali na mkewe. Hayo sitayaandika gazetini. Chini ya kila moja kulikuwa na tiki mbili za bluu. Yamesomwa, hayakujibiwa.

Chini yake: *Umesoma hujibu. Nimekukosea nini?* Bluu.

Chini yake picha ya mkono wenye dripu: *Nimelazwa. Malaria imepanda. Niombee dua.* Bluu. Hata pole hakuna.

Mume wangu alilazwa, nami nilikuwa Iringa nashona kofia na kuimba.

"Nilikuwa naziangalia hizo tiki kutwa," Idrisa akasema. "Kazi siifanyi, chakula hakipiti. Nafungua, nafunga, nafungua. Nikajisemea labda simu imeharibika, nikakuuliza kwa mama. Ukacheka. Ukasema nzima kabisa."

Nikaendelea kushuka chini.

Talaka yangu niliikuta pale. Ilikuwa moja, imeandikwa vizuri, jina langu na la baba yangu, kama vile mwandishi amekaa akaisahihisha kabla ya kuituma. Bluu.

Chini ya talaka nikakuta majibu yangu. Mimi ambaye sikuwa nimegusa simu nilikuwa nimeandika kwamba mume wangu nisamehe, nilikuwa naumwa, nirudie, mtoto anakulilia. Nilikuwa nimeandika mengi na kwa unyenyekevu ambao sinao.

Naye alikuwa amelegea. *Nitakurudia,* alijibu. *Ila nataka nisikie sauti yako. Neno moja tu kwa kinywa chako, kabla eda haijaisha.*

Jibu langu lilikuwa hili: *Koo linauma.*

Akaomba tena wiki iliyofuata, na mbili za baada yake. Koo lilikuwa bado linauma.

"Koo mwezi mzima?" Idrisa alisema, macho bado yako sakafuni. "Nikajua kuna mtu mwingine ameshika simu yako. Nikasema kama mke wangu anao watu wa kumshikia simu na kumjibia mumewe, basi mimi sina changu pale."

Nikamweleza kabati la Nusrat. Nikamweleza nesi, na kile kiapo changu, na jinsi nilivyowakataza wasimwambie. Nilikuwa naongea haraka haraka kama mtu anayekimbizana na basi. Yudith aliuweka mwiko chini, akajifuta macho kwa pindo la khanga.

Idrisa alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ushangae."

"Nimeshangaa," akasema.

Nilimtolea kofia. Akaniomba niiweke juu ya gunia. Nilipoondoa mkono ndipo akaichukua, akaizungusha, akaangalia mshono wake, akaikunja, akaitia mfukoni. Uso wake ulikuwa umevurugika. Ningekuwa bado mkewe ningemshika.

Ndipo akasema kuna njia. Talaka ni moja. Eda ikishapita hawezi kunirudia kwa kauli, lakini anaweza kunioa upya, kwa mahari mpya na walii wangu wa kuniozesha. Baba yangu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii ni kaka yangu Muhidini, aliye Mbeya. Nikamalizane na Muhidini, yeye Idrisa yuko tayari hata kesho.

"Ila simu irudi mkononi mwako," akaongeza. "Nikipiga upokee, nikiandika ujibu, popote ulipo, hata ukiwa unafanya nini. Kukaa tena na mke nisiyempata mimi siwezi, Nasrin. Nitakufa."

Nikasema ndiyo hajamaliza sentensi. Hata sikufikiri nakubali nini. Nikavuka barabara, nikasimamisha basi la kwanza linaloelekea Mbeya.

Muhidini ana duka la vyombo Mwanjelwa. Ni kaka mwema, lakini akikasirika anaongea polepole, na siku ile alianza kuongea polepole tangu nilipotaja ghala. Alinisikiliza mpaka mwisho amekaa katikati ya mabeseni yake. Kisha akasema hapana.

Nikamwambia kosa si la Idrisa peke yake. Mimi nilificha, Nusrat aliharibu.

"Mimi nilikuoza kwa kinywa changu, watu wamekaa wanasikia," akasema. "Yeye amekuacha kwa kidole gumba. Sisimami mara ya pili."

Nikalia, nikamshika miguu. Aliniinua vizuri tu, akanipa maji, akaniuliza swali. Mtu ana miguu. Mabasi ya Iringa yanapita mbele ya ghala lake kutwa. Anaona mkewe hajibu, anaumwa hajibu, na hakupanda hata moja aje aulize huyu mwanamke ana nini? Alikaa anaangalia rangi ya tiki?

Nilitafuta jibu la kumpa. Hadi leo bado nalitafuta.

Nikarudi Iringa sina mume wala walii.

Nusrat alikuwa ananingoja mlangoni, simu yangu ameiviringisha kwenye mtandio na kuikumbatia kifuani. Aliponiona uso wangu alipiga magoti palepale kwenye mlango, mwanamke aliyenizidi umri. Mimi nilikuwa nimekuja nimejipanga kumpiga. Nimepanga njia nzima, kuanzia Chimala hadi Ipogolo, nitampiga wapi na kwa nini.

"Ya kwanza niliifungua nikijua ni mteja, wifi," akasema. "Nikakuta maneno ambayo dada hatakiwi kuyasoma kwa kaka yake. Ningekuambia nini? Kaka kaandika? Ungeniuliza kaandika nini."

Mnaona ilivyoanza? Aibu tu. Kila meseji ya Idrisa ilipoingia, Nusrat aliifungua kwa hofu aone kama kuna ugonjwa au ajali, kisha akaifunga kwa aibu, na kila alipofunga ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kunieleza zile zilizopita. Meseji ya dripu alimwambia mama yake. Mama akapiga Igawa, na Idrisa kwa hasira zake akasema yeye mzima, hana hata mafua.

Ilipofika talaka, mama na binti wakashauriana, wakakata shauri nisiambiwe. Yale majibu yote ni ya Nusrat. Koo ni la Nusrat.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, Taslim ameshika gauni lake. "Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kulala," akaniambia. "Nesi alisema ukishtushwa tutakukosa. Nikasema mwanangu namjua, hasira zake haziendi mbali, atamrudia mkewe na hili litapita bila yeye kujua. Kila Ijumaa nilisema Ijumaa ijayo nitamwambia."

Na kwa kuwa mwanamke akiachwa talaka ya kurejewa eda yake huikalia nyumbani kwa mume, machoni mwangu hakukubadilika kitu. Kitanda kilekile, jiko lilelile. Nilikalia eda bila kujua nakalia eda, nikimshonea kofia mwanamume aliyeniacha, na niseme ukweli wangu, sijawahi kuwa na raha kama ile tangu nizaliwe.

Hilo linaniuma kuliko talaka. Ile raha niliyokuwa nayo.

Sikumpiga Nusrat. Nilimnyang'anya simu nikaenda nayo uani.

Niliisoma siku nzima. Nilisoma kutoka juu kushuka chini, kisha kutoka chini kupanda juu. Nikaangalia na mambo mengine, stetasi za watu, wateja niliowasahau, harusi za watu nisiowajua. Maharage yakaungua mpaka jirani akaja kuuliza. Taslim aliniita, sijui mara ngapi. Nilipokuja kuinua kichwa alikuwa hayupo tena mbele yangu, amekwenda kukaa mapajani kwa bibi yake, anamsimulia yeye habari za kuku. Na kichwa kikaanza kugonga, palepale kisogoni kilipokuwa kinagonga zamani.

Mama mkwe ndiye aliyemleta Sheikh Nasri, imamu wa msikiti wa mtaani kwetu, mzee mpole asiyependa makuu. Akampigia na mwanawe, safari hii hakuzunguka nje wala nini, akamwambia kama anamheshimu aje. Idrisa akaja. Tukakaa sebuleni, yeye kochi la kule, mimi mkekani pembeni ya mama yake, Nusrat amejibanza karibu na pazia.

Sheikh alitusikiliza sote. Alimkemea Idrisa kwa kuandika jambo zito namna ile akiwa na hasira na homa, akamkemea Nusrat, akamkemea mama mkwe taratibu zaidi kwa sababu ya umri. Alisema talaka imesimama. Kutojua kwangu hakuizuii eda kwenda. Nikaona basi, yamekwisha.

Halafu akamgeukia Idrisa, akamuuliza amejuaje kwamba eda imekwisha. Idrisa akasema amehesabu miezi mitatu tangu atume ujumbe.

"Miezi nani kakwambia?" Sheikh akauliza. "Miezi ni ya mwanamke asiyepata siku zake. Huyu anazipata. Eda yake ni twahara tatu, ule usafi wa kati ya hedhi na hedhi, na hizo huzijui wewe wala sizijui mimi. Anazijua mwenyewe, na neno lake ndilo linalotosha. Akisema bado, unamrudia hapa hapa kwa kauli moja, na kaka yake hana la kusema. Akisema imekwisha, imekwisha."

Idrisa akainua macho, akaniangalia. Tangu Igawa ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba maji.

Sasa nawaambia nyinyi wasomaji, maana pale sebuleni hakuna aliyejua. Eda yangu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na uhakika kuliko hata tarehe ya leo. Kabla ya kwenda Igawa nilisubiri siku zangu zije na zipite, nikaoga, ndipo nikapaka hina na kupanda basi, kwa sababu nilitaka kumfikia mume wangu nikiwa safi. Ukipiga hesabu tangu ile meseji ya talaka, zilikuwa ndizo za tatu, na zilipoingia tu twahara ya tatu ilikwisha.

Nilichelewa kwa siku zile nilizokaa kuusubiri usafi wangu. Ningekwenda kabla hazijaingia, ningekuta bado ni mke wake.

Nikisema bado, Idrisa ananirudia jioni hiyohiyo, Taslim analala nyumba moja na baba yake, mama mkwe anapona moyo. Na simu inarudi mkononi. Ikilia nisimame hata kama nimeshika sufuria la mafuta na mtoto yuko miguuni, kwa sababu kule Igawa yuko mtu anaangalia rangi ya tiki. Na kila nikimpa mgongo kitandani nitajua kwamba kilichotuunganisha ni uongo nilioutoa mbele ya sheikh.

Nikisema imekwisha, Muhidini hasimami. Nitafungasha madera yangu niende Mbeya nikakae kati ya mabeseni. Nitalala vizuri, pengine. Nampenda Idrisa. Sikuwa nimewaambia hilo wiki zote hizi, nilikuwa nawaeleza habari za simu tu. Nampenda, na nilikuwa naogopa kurudi kwake, vyote viwili kwa pamoja, na sebule nzima ilikuwa inangoja.

Nikavuta pumzi. Mama mkwe akanitangulia.

"Bado," akasema. "Haijaisha. Mimi ndiye ninayekaa naye, najua."

Mama mkwe hajui. Hajawahi kuniuliza siku zangu hata mara moja, ni mambo ambayo mtu na mkwewe hawayazungumzi. Mama huyu hata akichelewa kumrudishia jirani chumvi yake hakosi kuomba radhi, na sasa amesema uongo mbele ya sheikh wake, mkono ameuweka gotini kwangu, amelibana.

Idrisa alifumba macho, midomo inasema alhamdulillahi bila sauti. Tayari alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye kochi.

Sheikh akamwashiria kwa kiganja akae. Akanigeukia mimi.

"Mkweo amesema, na nimemsikia," akasema taratibu. "Lakini hili mtu hasemewi. Nasrin, alivyosema ndivyo?"

Ukweli wangu ungemvua nguo mama wa watu mbele ya sheikh na mbele ya mwanawe. Nilijua hivyo, naye alijua, maana vidole vyake vilizidi kunibana. Miezi yote ile watu walikuwa wananisemea, wananijibia, wananiombea msamaha kwa jina langu, nami nimetulia zangu nashona. Sasa walikuwa wamenyamaza wote.

Nikaushika mkono wa mama mkwe, nikauondoa gotini kwangu taratibu, nikamtazama sheikh usoni, nikaanza kusema kwa kinywa changu kile nilichokijua.